Redio Isiyoshika Stesheni

Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akipima kitu. Mita alikuwa nayo. Ilining'inia kwenye msumari juu ya meza yake, ya njano, waya mwekundu upo na mweusi haupo, na kazi yake ilikuwa kuonekana. Mteja akiiona alijua amefika kwa fundi. Fundi mwenyewe alitumia ulimi. Betri ndogo ya pembe nne aliilamba, akafumba jicho moja, akasema, "Hii imebakiza wiki." Betri ya lori aliigusisha waya akaangalia cheche. Fyuzi ikiungua aliizungushia ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, akairudisha mahali pake, na kumwambia mwenye mali kwamba amemwekea mpya iliyotoka Arusha. Kwake kila kitu kipya kilitoka Arusha.

Nilimdharau. Nasema mapema ili msomaji asikae akisubiri nigeuke mwishoni na kumfanya mtu wa hekima. Nilimdharau kabla sijajua chochote kuhusu umeme, nikamdharau zaidi nilipojua, na baada ya yote nitakayoeleza bado sijamaliza. Tofauti ni kwamba sasa sehemu ya dharau ile nimehamishia kwangu mwenyewe.

Kibanda chake kipo Shelui, kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama baada ya kushuka mlima wa Sekenke yakinuka breki. Tunamwita Fundi Redio. Jina lake ninalijua, lakini hapa halina kazi. Meza yake sijui iliwahi kuwa ya rangi gani. Imejaa vumbi, maganda ya karanga, vipande vya nyaya, spika zilizochanika na makopo ya maziwa yaliyojaa vipuri alivyong'oa kwenye mashine za watu, vyote vimechanganywa kama maharage na mahindi. Na katikati ya uchafu huo anakaa yeye amevaa shati jeupe. Kila siku jeupe, limepigwa pasi, mikono ina mistari iliyosimama. Niliwahi kujiuliza mtu anayeweza kuangalia mstari wa shati lake kwa makini kiasi kile anashindwaje kuangalia kipuri anachokichomelea. Sijapata jibu. Nadhani alijipendelea tu.

Jambo jingine alilokuwa makini nalo ni salamu. Nilikuwepo siku dereva mmoja wa lori alipotua redio mezani na kusema, "Mambo vipi mzee, hebu itazame hii."

Fundi akaendelea kumenya karanga.

"Mzee, redio hii hapa."

"Redio naiona," alisema akiangalia barabara. "Aliyeileta ndiye bado sijamwona."

Dereva akacheka, akavua kofia. "Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una mdomo." Akaifungua, akaitazama kidogo, akaipiga kofi ubavuni, ikaimba. Dereva akaondoka kwa furaha. Wiki iliyofuata alirudi kulalamika kwamba ilizima kabla hajafika Iguguno.

"Ilizimia Iguguno?" Fundi aliuliza, amekunja uso kama daktari. "Sasa ungeniambia unapita Iguguno. Pale mawimbi yanapita juu sana."

Watu waliokuwepo walitikisa vichwa kukubali. Wengine walikuwa na mashamba ya alizeti hukohuko Iguguno na redio zao zinasema siku nzima. Walitikisa vichwa hivyohivyo. Hilo ndilo lililonikera kuliko uongo wenyewe.

Nami nilikuwa namwamkia kila asubuhi nikipita, kwa sababu nisingemwamkia, mama angepata habari kabla sijafika sokoni. Shikamoo yangu ilikuwa safi, ya kuinamisha kichwa, na haikuwa na chembe ya heshima ndani yake. Nadhani alijua. Marahaba yake ilikuja polepole, kama mtu anayepokea kitu na kukigeuza kuona upande wa nyuma.

Chuki yetu ina mwanzo. Nilipokuwa kidato cha pili nilimpelekea bodi ya redio ya mjomba, si atengeneze, bali anieleze. Nilimwonyesha kipuri cha miguu mitatu nikamuuliza kinafanya nini.

"Hiki?" alisema. "Hiki kinatolewa, kinawekwa kingine."

"Lakini ndani kinafanyaje?"

"Ukijua kinafanyaje, redio itaimba vizuri zaidi?" Waliokaa pale wakacheka. Mimi nikachukua bodi nikaondoka.

Nikajifunza mwenyewe. Nilikuwa na kitabu cha fizikia kisicho na jalada, na simu, na bando za intaneti nilizozinunua badala ya soda. Sijasoma chuo. Kila ninachokijua nimekijua peke yangu, na mtu aliyejifunza hivyo huwa anatembea na hofu kwamba kuna ukurasa mmoja aliuruka, na kwamba siku moja ukurasa huo utaulizwa mbele za watu. Kwa hiyo nafanya kila kitu mara tatu. Kiungo cha risasi ya kuchomelea kisipong'aa nakiyeyusha na kukirudia. Nyaya zangu nazilaza sambamba, nazikunja kwa pembe sawa, nazifunga kwa uzi. Nikifunga mlango wa chumba changu cha kazi naondoka, narudi kuangalia kufuli, naondoka, narudi tena. Fundi Redio aliona yote hayo kutoka ng'ambo ya barabara akanipa jina ambalo Shelui nzima imelishika: Injinia wa Bando.

Nimebakiza kueleza redio yake mwenyewe. Ilikaa mezani, ya zamani, ya masafa ya kati, na haikuwa kwenye stesheni yoyote. Mshale aliuacha mahali patupu katikati ya stesheni mbili, na kutwa nzima ikatoa mvumo mkavu kama mchanga unaopepetwa. Fundi wa redio ambaye redio yake haishiki stesheni! Niliwasimulia watu hilo mara nyingi mno, na kila mara walicheka. Siku moja mama anayeuza chai jirani naye alimuuliza kwa nini asiitafutie hata kwaya.

"Inanisaidia nisiwasikie nyie," alimjibu.

Sasa nije kwenye kisanduku changu.

Zahanati yetu ilipewa betri nane za sola zilizokwisha kutumika. Chumba cha kujifungulia kilihitaji nne kwa ajili ya taa. Nesi wa pale alichoka kuzalisha akina mama huku ameng'ata simu yenye tochi. Akaja kwangu, si kwa Fundi, na sitaficha kwamba kifua kilinijaa.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe ndiye mwenye vipimo. Nichagulie nne ambazo hazitaniangusha."

Betri ya zamani inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa na bado ikawa bure. Kuijua inabidi uivute umeme kwa kiasi kilekile bila kubadilika, na kuhesabu saa inazodumu. Nilitengeneza kifaa cha kufanya hivyo. Ndani yake kuna mosfeti, ambayo ni kama koki ya maji, na kuna kipuri kidogo kiitwacho opampu, ambacho ni kama mtu aliyesimama kwenye koki akitazama maji yanavyotoka. Yakizidi anakaza, yakipungua anafungua. Mimi nilimwamuru asimamie ampea mbili, zisizidi, zisipungue. Mara ya kwanza nilikiunga ovyo juu ya kipande cha ubao, nyaya fupi, vipuri vimesongamana. Nikapima. Ampea mbili kamili. Nilifurahi siku nzima.

Lakini kilikuwa kibaya kukitazama. Nesi angekiona akaniona mimi ni Fundi Redio mwingine. Nikakivunja, nikakijenga upya ndani ya kisanduku. Mosfeti nikaiweka ukuta wa nyuma kwenye bati nene la kupozea, opampu nikaiweka mbele karibu na kitufe, na kati yao nikapitisha nyaya ndefu, sambamba, zilizofungwa kwa uzi mweusi kila baada ya upana wa kidole. Kilipendeza. Niliwasha, mita ikasema ampea mbili, nikaandika pembeni yake kwa herufi za kuchapa: KIPIMO.

Nilizipima betri zote nane pale zahanati, kwenye baraza, kwa siku kadhaa. Siku moja Fundi Redio akaja bila kuitwa, shati jeupe, mikono nyuma. Akazizunguka. Akagonga mbili kwa kucha.

"Hii na hii ni maiti," alimwambia nesi. "Mimi ninazo mbili nzuri, zimetoka Arusha."

Kipimo changu kilikuwa kimezipa mbili hizo saa nyingi. Na mbele yangu alisimama mtu aliyewahi kuuza betri iliyojazwa maji ya kisima, akitaka kumuuzia nesi nyingine. Nikasema kwa sauti, ili waliokaa foleni wasikie, "Fundi, umepima kwa nini? Kwa kucha?"

Baraza zima likacheka. Hata nesi. Nilikuwa nimelisubiri cheko lile tangu kidato cha pili.

"Cheka, Injinia wa Bando," alisema, akaondoka taratibu. Nikachukua kalamu nene nyeusi nikaandika kwenye betri nne, zikiwemo mbili alizozigonga: NZIMA. Zikafungwa siku ileile.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napima betri ya jirani pale mosfeti ilipopasuka na kutoa harufu. Nikaweka nyingine. Ikapasuka. Nikafanya kama nilivyojifundisha: kitu kimoja kwa wakati. Nikabadilisha opampu. Nikapima kila rezista nje ya bodi, zote sawasawa. Nikayeyusha na kurudia kila kiungo. Nikaweka mosfeti ya mwisho niliyokuwa nayo, nikawasha kwa sekunde chache tu, nikanyoosha mkono kuchukua kalamu. Mkono ulipopita juu ya nyaya bila kuzigusa, namba kwenye mita ilitoka mbili ikaenda mbili na nusu. Nikaurudisha mkono. Namba ikashuka chini ya mbili.

Nilikaa chini. Mita iliyokuwa inaonyesha namba nzuri ilikuwa inadanganywa, na kama inadanganywa leo, sikuwa na sababu ya kuamini haikudanganywa kule barazani. Betri zile ziko ukutani kwenye chumba cha kujifungulia zikiwa na mwandiko wangu.

Hapa ndipo ninapoona aibu. Nilipaswa kuinuka na kwenda zahanati. Badala yake nilikaa siku tatu. Nilijiambia kwamba lazima kwanza nijue kosa ni nini, kwamba siwezi kwenda kusema "sijui". Nilipita mbele ya zahanati mara mbili nikamsalimia nesi kwa mkono kutoka barabarani. Aliniitikia kwa mkono.

Siku ya nne, mosfeti ya mwisho ikiwa nayo imekufa, nilikwenda kwa Fundi Redio na kisanduku mkononi. Sikwenda kuomba ushauri. Nilikwenda kwa sababu katika makopo yake ya maziwa kulikuwa na mosfeti alizozing'oa kwenye amplifaya zilizokufa, na Shelui hakuna mwingine mwenye nazo. Ilikuwa alasiri, upepo unasukuma vumbi chini ya malori.

"Shikamoo, fundi."

Alimenya karanga moja kwanza. "Marahaba, Injinia. Leo umekuja na sanduku la harusi?"

Nilimwambia nahitaji mosfeti tu. Akakivuta kisanduku, akakifungua bila ruhusa, akatazama nyaya zangu.

"Nani amezisuka?"

"Mimi."

"Umepoteza kipaji. Kuna wasichana wanahitaji msusi."

Mama wa chai alicheka mpaka akaweka birika chini. Fundi akachambua kopo, akatoa mosfeti, akaichomelea mahali pake kwa risasi iliyojaa kama uji uliomwagika, akaunga betri iliyokuwa chini ya meza. "Washa."

Nikawasha. Ile redio yake, iliyokuwa inavuma kama mchanga, ikapiga ukelele.

Fundi aliacha kutafuna. Akaizima swichi yangu, ukelele ukakatika, mvumo ukarudi. Akawasha, ukelele. Akainyanyua redio, akaisogeza juu ya nyaya zangu zilizofungwa kwa uzi, ikalia kwa nguvu hadi mbwa aliyelala chini ya benchi akainuka. Akaipeleka mbali, ikatulia.

"Kinalia," alisema.

"Nini kinalia?"

"Kitu chako. Mita yako haisikii kwa sababu haina masikio." Akanitazama na kwa mara ya kwanza sikuona kejeli, niliona mtu anayechoshwa na mpumbavu. "Huyu," akaigusa opampu, "ni kama mlinzi wa koki, naye ana wasiwasi. Anafungua, anaogopa amezidisha, anafunga. Anaogopa amepunguza, anafungua. Habari zinamfikia zimechelewa kwa sababu njia umeifanya ndefu ili ipendeze. Basi anafungua na kufunga, mara elfu kwa elfu, mpaka anajiua. Hujawahi kuona mtu wa namna hiyo? Mimi namwona kila siku anarudi kuangalia kufuli."

Aliyajua maneno hayo yote, kwa lugha yake, na nilipokuwa kidato cha pili aliniambia kinatolewa, kinawekwa kingine.

Akachukua koleo akakata nyaya zangu. Nilipiga kelele, "Fundi, taratibu!" lakini zilikuwa zimeshaanguka mezani pamoja na uzi wake, kwenye maganda ya karanga. Akang'oa opampu kutoka mbele akaibandika mgongoni mwa mosfeti, karibu kugusana, kwa nyaya fupi kama kucha. Akawasha. Ukelele ukashuka, ukabaki wembamba, kama mbu. Akachokora kopo, akaweka rezista moja kwenye mguu wa mosfeti, "amsukume polepole," akasema, kisha kapasita ndogo ya kahawia kwenye opampu, "asikurupuke." Mbu akanyamaza. Redio ikarudi kwenye mchanga wake.

Nilipitisha mkono juu ya kisanduku. Namba haikutikisika. Ndani palikuwa pabaya kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza.

Nikakumbuka kucha yake pale barazani. "Fundi," nikasema, "zile betri mbili za zahanati. Ulijuaje?"

"Betri zipi?"

"Ulizogonga. Ulisema ni maiti."

Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono ili asichafue shati. "Mwanangu, betri zote za watu mimi nasema ni maiti. Nilikuwa na mbili za kuuza."

Nilikwenda zahanati moja kwa moja na kisanduku kile kibaya mikononi. Nesi alikuwa anaanika shuka. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba vipimo nilivyompa vilikuwa vya uongo na sikujua, na kwamba sasa najua.

"Umejua lini?" aliuliza.

Ningeweza kusema leo. "Hii ni siku ya nne," nikasema.

Alibana shuka kwa pini, polepole. "Juzi nilikuwa namzalisha mama mmoja. Taa ilififia katikati, nikamalizia kwa tochi mdomoni. Mtoto mzima, mama mzima. Nikabadilisha taa. Nilidhani ni taa, kwa sababu betri umeziandika nzima."

Alinionyesha mlango wa chumba cha kujifungulia, nami nikaingia kuzifungua.

Nilizipima tena zote nane. Kati ya nne nilizozichagua, moja ilikuwa imekufa na nyingine ilikuwa njiani. Kati ya mbili alizozigonga Fundi, iliyokufa ni moja, na ya pili ndiyo yenye nguvu kuliko zote nane, hivyo hata kucha yake haikujua kitu. Nilifuta mwandiko wangu kwa spiriti. Nne zilizopo sasa nimeziandika tarehe na saa tu, na ukutani nimebandika karatasi inayosema nitarudi kupima tena kila mwezi, na ninarudi. Nesi ananiitikia salamu. "Mdogo wangu" bado hajaisema tena.

Nilinunua redio pia, ya masafa ya kati, kwa Fundi mwenyewe kwa sababu hakuna kwingine. Aliapa kwa Mungu kwamba ni nzima na spika ni mpya, imetoka Arusha. Nilipoifungua nilikuta spika imechanika na ufa umezibwa kwa karatasi ya sigara. Nimeiweka kwenye meza yangu ya kazi, mshale mahali patupu, na siandiki neno lolote juu ya betri ya mtu kabla sijaisikiliza redio hiyo kwanza.

Juzi alipita mbele ya mlango wangu, shati jeupe, karanga mkononi. Akasimama, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Injinia wa Bando," alisema, "redio yako mbovu hiyo. Haishiki stesheni. Ilete nikuangalizie."

"Shikamoo, fundi," nikasema, nikaiongeza redio sauti.